Swali la Mwezi wa Tano: Kwa Nini Wayahudi Bado Wanalilia Hekalu

Katika kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 7, kuna swali ambalo ukilisoma leo utadhani limeulizwa jana. Ni mwaka wa 4 wa mfalme Dario wa Uajemi, yaani mwaka 518 kabla ya Kristo. Hekalu la Yerusalemu, lililochomwa na jeshi la Babeli karibu miaka 70 nyuma, linajengwa upya. Mafundi wako kazini, na baada ya miaka 3 litakamilika. Wajumbe wanaingia mjini na kuwauliza makuhani na manabii: je, niendelee kulia na kujinyima katika mwezi wa tano, kama nilivyofanya miaka hii yote?

Ni swali la haki. Msiba una mwisho wake. Matanga huanuliwa, arobaini hupita, mjane hutoka eda. Anayeendelea kulia huku nyumba inaezekwa upya, majirani huanza kumwonea wasiwasi. Na bado, zaidi ya miaka 2,500 tangu swali hilo liulizwe, Wayahudi wanaoshika sheria yao huketi sakafuni kila mwaka tarehe 9 ya mwezi wa Av, ambao ndio huo mwezi wa tano. Hawali, hawanywi, hawaogi, hawavai viatu vya ngozi, hawasalimiani. Siku hiyo inaitwa Tisha B'Av, na maana ya jina ni "tisa ya Av" tu. Mwaka 2026 inaingia jioni ya Jumatano tarehe 22 Julai na kutoka usiku wa Alhamisi tarehe 23.

Kwa nini bado? Majibu ya haraka yapo, na nitayapitia. Lakini baada ya kuyatazama maandiko na desturi zenyewe, naamini jibu lenye uzito limo ndani ya utaratibu wa siku hiyo: msiba huu ulipimwa, ukakatiwa kiasi, ukawekewa saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kilichopimwa hubebeka, na kinachobebeka hufika mbali.

Kinacholiliwa

Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inataja mambo matano yaliyotokea tarehe hiyo. Siku hiyo kizazi kilichotoka Misri kilihukumiwa kutoingia nchi ya ahadi, baada ya kuamini habari mbaya za wapelelezi na kulia usiku kucha. Hekalu la Kwanza lilibomolewa, mwaka 586 kabla ya Kristo kwa hesabu iliyozoeleka, na askari wa Nebukadneza. Hekalu la Pili lilibomolewa mwaka 70 na Warumi chini ya Tito. Mji wa Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi ulioongozwa na Bar Kokhba, ulianguka mwaka 135. Na Yerusalemu ikalimwa kwa plau, alama ya Warumi kwamba mji wa zamani umekwisha na juu yake utajengwa mji wao.

Msomaji makini wa Biblia atasimama hapa, na ana haki. Kitabu cha 2 Wafalme 25:8 kinasema kamanda wa Babeli alifika tarehe 7 ya mwezi wa tano. Yeremia 52:12 inasema tarehe 10. Tarehe 9 haimo popote. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna (Taanit 29a), inaiona tofauti hiyo na kuieleza: tarehe 7 maadui waliingia Hekaluni, wakala na kuharibu siku hiyo na ya pili yake, na jua la tarehe 9 lilipokaribia kuzama wakawasha moto, ukawaka tarehe 10 nzima. Katika ukurasa huohuo Rabi Yohanan anasema kwamba kama angekuwepo, angeweka mfungo tarehe 10, kwa sababu ndipo sehemu kubwa ilipoungua. Wenzake walishika mwanzo wa msiba. Nalipenda jibu lao, kwa sababu mfiwa hukumbuka saa aliyopokea habari kuliko saa ya maziko. Lakini hawakumtupa Rabi Yohanan: mpaka leo, mfungo ukishakwisha, wengi hawali nyama wala kunywa divai hadi adhuhuri ya tarehe 10, kwa kuwa moto ulikuwa ungali unawaka.

Moto huo umeacha alama zinazoshikika. Mwaka 1982, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Yigal Shiloh walikuta katika Mji wa Daudi, kusini mwa mlima wa Hekalu, mihuri 51 ya udongo iliyokuwa imefungia nyaraka. Nyaraka ziliteketea, udongo ulichomwa na moto wa Babeli ukakauka kama chungu, na ndio maana haukumomonyoka. Mmoja wa mihuri hiyo una jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina linalotajwa katika Yeremia sura ya 36 kwenye ofisi za ikulu. Nao moto wa mwaka 70 uliacha mawe: chini ya kona ya kusini-magharibi ya ukuta wa mlima huo, juu ya barabara ya zama za Herode, bado yamelala matofali makubwa ya mawe yaliyosukumwa kutoka juu. Baadhi ya sakafu ya barabara imebonyea yalipoangukia.

Orodha inayorefuka

Jibu la haraka linalosikika zaidi ni hili: Wayahudi bado wanaomboleza kwa sababu tarehe 9 Av iliendelea kuleta maafa. Kuna ukweli ndani yake. Amri ya mfalme Edward wa Kwanza ya kuwafukuza Wayahudi Uingereza ilitolewa tarehe 18 Julai 1290, na hiyo ilikuwa 9 Av. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti 1914, nayo pia ilikuwa 9 Av. Tarehe 22 Julai 1942, siku ya kuamkia mfungo, ndipo treni za kuwapeleka Wayahudi wa Warsaw katika kambi ya mauaji ya Treblinka zilipoanza, na kesho yake Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi wa mji huo, alijiua kuliko kutia saini orodha za watoto.

Lakini orodha hizi zinapozunguka mitandaoni huongezwa chumvi. Kufukuzwa kwa Wayahudi wa Hispania, kwa mfano, huandikwa kila mara kuwa kulitimia tarehe 9 Av. Amri ilisainiwa Machi 1492 na ikawapa hadi mwisho wa Julai, na tarehe 31 Julai mwaka huo iliangukia 7 Av. Msiba ule ni mkubwa wa kutosha bila kusukumwa siku mbili.

Tena, kushikilia tarehe kunaficha jambo lililo kubwa zaidi. Yatazame maafa ya mwaka 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba walipowaua Wayahudi wa bonde la Rhine. Utenzi wa maombolezo uliotungwa kwa ajili yao unataja tarehe waziwazi: Speyer tarehe 8 ya mwezi Iyar, Worms tarehe 23 Iyar na mwanzo wa Sivan, Mainz tarehe 3 Sivan. Ni miezi miwili na zaidi kabla ya 9 Av. Hata hivyo utenzi huo husomwa Tisha B'Av, na mtunzi anaeleza sababu katika beti zake: haifai kuongeza siku nyingine ya maombolezo juu ya ile ya Hekalu, kwa hiyo kilio cha sasa kiingizwe ndani ya kile cha kale.

Huo ni uamuzi mzito. Jamii iliyouawa nusu yake ingeweza kujiwekea siku yake, na kizazi kinachofuata siku yake, hadi kalenda yote igeuke makaburi. Badala yake walitafuta chombo kimoja cha kupokea machozi yote. Ndani ya chombo hicho umo pia utenzi wa Rabi Meir wa Rothenburg kuhusu mikokoteni 24 ya vitabu vya Talmudi iliyochomwa hadharani Paris mwaka 1242, na mashairi ya Yehuda Halevi wa Hispania, aliyeiuliza Sayuni kama haijali hali ya wafungwa wake. Baada ya mauaji ya Wayahudi milioni 6 wa Ulaya mjadala ulirudi upya. Bunge la Israeli lilichagua mwaka 1951 tarehe 27 Nisan kuwa siku ya kumbukumbu hiyo. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Menachem Begin alipendekeza ihamishiwe Tisha B'Av. Hakufanikiwa, na jamii nyingi sasa hufanya yote mawili: siku ya Nisan ipo, na tenzi kuhusu mauaji hayo zimeongezwa mwishoni mwa zile za kale.

Rabi Yehoshua na ukuta usiopakwa chokaa

Kama ningeruhusiwa ukurasa mmoja tu wa kueleza kwa nini siku hii imedumu, ningechagua ule wa Talmudi uitwao Bava Batra 60b. Hekalu la Pili lilipoanguka, wengi waliacha kula nyama na kunywa divai. Rabi Yehoshua akawafuata na kuwauliza sababu. Wakamjibu: tutakulaje nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na sasa hakuna madhabahu? Tutakunywaje divai iliyokuwa ikimiminwa hapo? Akasema: basi tusile na mkate, kwa maana sadaka za unga zimekoma. Wakasema, tutakula matunda. Akasema: matunda nayo, malimbuko yamekoma. Wakasema, yapo matunda mengine yasiyokuwa malimbuko. Akasema: basi na maji tusinywe, kwa kuwa na maji yalikuwa yakimiminwa. Wakanyamaza.

Ndipo akawaambia: wanangu, kutoomboleza kabisa haiwezekani, kwa kuwa pigo limekwisha kuja. Na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani pia, kwa kuwa watu hawawekewi amri ambayo wengi wao hawawezi kuibeba. Jenga nyumba yako na uipake chokaa, lakini acha sehemu ndogo bila kupakwa. Talmudi inataja dhiraa moja kwa dhiraa moja, karibu nusu mita kila upande, mkabala wa mlango. Andaa karamu, lakini punguza kitu kidogo. Mwanamke ajipambe, lakini abakishe pambo moja. Bwana harusi apakwe majivu kichwani mahali anapofunga tefilini, vile visanduku vya ngozi vya sala. Glasi inayovunjwa kwa mguu katika arusi za Kiyahudi leo watu wengi huihesabu katika desturi hizi za kukumbuka Yerusalemu.

Kwa hiyo mwaka mzima una ukumbusho mdogomdogo, na siku moja inabeba mzigo wenyewe. Ndani ya kipimo hicho mtu anaoa, anajenga, anacheka.

Kipimo hicho kina umbo la pekee. Myahudi akifiwa na mtu wa karibu, msiba huanza na makali yote: siku 7 za kukaa nyumbani, kisha siku 30 za masharti nafuu, na kwa mzazi, miezi 12. Unashuka ngazi taratibu kurudi kwa watu. Msiba wa Hekalu unapanda ngazi hiyohiyo kutoka chini. Tarehe 17 ya mwezi Tamuzi, siku ukuta wa Yerusalemu ulipotobolewa, huanza wiki 3 za masharti mepesi. Tarehe 1 Av huanza siku 9 za masharti makali zaidi. Tarehe 9 ni kama siku ambayo maiti bado yuko ndani. Rabi Joseph B. Soloveitchik wa Boston, aliyefariki mwaka 1993, alilieleza jambo hili vizuri kuliko wote: mfiwa mpya ana huzuni tayari, na sheria humsaidia kuipunguza, lakini msiba wa kale hauna mtu aliyeuona, kwa hiyo huzuni lazima ijengwe, hatua kwa hatua, hadi moyo ufike. Usimwambie mtu wa leo alie ghafla kwa jengo lililoungua miaka karibu 2,000 iliyopita. Mwondolee kwanza muziki, kisha nyama, kisha maji ya kuoga, kisha kiti.

Namna inavyoshikwa

Katika wiki 3 hakuna arusi wala muziki wa sherehe, na Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawanyoi nywele tangu tarehe 17 Tamuzi. Wasefardi, wenye asili ya Hispania na nchi za Kiislamu, wengi wao huanza kuacha kunyoa katika wiki ileile ambamo Tisha B'Av inaangukia. Kuanzia tarehe 1 Av huachwa nyama na divai, isipokuwa siku ya Sabato, na nguo hazifuliwi wala haivaliwi nguo iliyotoka kufuliwa. Hapa ndipo wageni wa desturi hukwama, maana Julai Yerusalemu ni joto na shati la jana linanuka. Wazoefu hujiandaa mapema: kabla mwezi haujaingia huvaa kila shati kwa muda mfupi na kulivua, ili lisihesabiwe tena kuwa jipya kutoka kwenye pasi. Nepi na nguo za watoto wachanga hufuliwa kama kawaida.

Siku ya kuamkia mfungo, alasiri, watu hula chakula cha kushiba. Kisha jua likikaribia kuzama huja mlo wa mwisho, na huo ni kitu kingine kabisa. Mtu huketi sakafuni peke yake, mbele yake mkate, yai moja la kuchemsha, maji na majivu kidogo. Anachovya tonge la mkate katika majivu na kusema: huu ndio mlo wa Tisha B'Av. Yai ni chakula cha wafiwa kwa sababu ni la mviringo, kama msiba unavyozunguka toka nyumba hii hadi ile, na kwa sababu halina mdomo. Dengu nazo zina maana hiyohiyo. Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kuweka yai na dengu pamoja: sheria inaruhusu chakula kimoja tu kilichopikwa, na yai la kuchemsha tayari ndilo hicho kimoja. La pili ni wanaume watatu kuketi pamoja, jambo linalowaleta kwenye wajibu wa kushukuru kwa pamoja baada ya kula, ilhali mlo huu ni wa upweke. Wakae mbalimbali, kila mtu na kona yake. Aliyemaliza bado anaweza kunywa maji na kuketi kitini hadi jua lizame, mradi hajatamka kwamba ameanza mfungo.

Jua likizama masharti matano huingia kwa pamoja: kutokula na kutokunywa, kutooga, kutojipaka mafuta, kutovaa viatu vya ngozi, na mke na mume kutokutana. Viatu vya raba, kitambaa au kandambili za plastiki vinafaa. Angalia soli na bitana ya ndani, maana kiatu kinaweza kuonekana cha turubai na kumbe kina ngozi ndani. Asubuhi mikono hunawiwa hadi mwisho wa vidole tu. Ukitoka msalani utanawa, ukichafuka kwa tope utanawa mahali palipochafuka, na mama anayeosha mboga za watoto hana neno, kwa kuwa hanawi kwa ajili ya starehe.

Kuna sharti la sita linalowauma wasomi kuliko njaa: kutosoma Torati, kwa sababu maneno yake huufurahisha moyo. Yanayoruhusiwa ni Ayubu, Maombolezo, sehemu za huzuni za Yeremia, sheria za wafiwa, na kurasa za Talmudi zinazosimulia uharibifu. Katika kurasa hizo (Gittin 55b na kuendelea) ndimo kilimo kisa cha Kamtza na Bar Kamtza. Tajiri mmoja alimtuma mtumishi amwalike rafiki yake Kamtza. Mtumishi akakosea, akamleta Bar Kamtza, adui yake. Bar Kamtza akaomba asifukuzwe, akajitolea kulipia alichokula, kisha nusu ya karamu, kisha karamu yote. Mwenyeji akamshika mkono na kumtoa nje. Marabi walikuwa wameketi hapo wakanyamaza. Bar Kamtza akaenda kwa Warumi, na mengine yakafuata hadi moto. Nimeona watu wakilisimulia kama kisa cha mtumishi aliyekosea jina. Mimi husimama kwenye ule ukimya wa wenye heshima walioona mtu akiaibishwa na wakaendelea kula. Talmudi mahali pengine (Yoma 9b) inasema Hekalu la Pili lilianguka kwa chuki ya bure ingawa watu wake walisoma Torati, walishika amri na kutenda wema.

Na hakuna salamu. Kwetu, ambako mlango haufunguki bila hodi na mazungumzo hayaanzi bila habari za nyumbani, sharti hili pengine lingeuma kuliko kiu. Unamkuta mtu sinagogini, unamwona, mnapishana kimya. Akikusalimu asiyejua, unamjibu kwa sauti ya chini ili asivunjike moyo.

Usiku pazia la sanduku la Torati huondolewa, taa hupunguzwa, watu huketi chini au kwenye vigoda. Msomaji huanza Maombolezo kwa sauti ndogo, na huipandisha kadiri anavyoendelea. Kitabu kina sura 5. Sura ya 1, 2 na 4 zina aya 22 kila moja, zinazofuata herufi 22 za Kiebrania kwa mpangilio. Wanaojua tungo zetu za pwani zinazofuata herufi toka alifu watalitambua umbo hilo mara moja. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Sura ya 5 ina aya 22 lakini herufi zimevurugika, kama mtu aliyelia hadi mpangilio ukamshinda. Aya ya mwisho ni chungu, kwa hiyo msomaji akiimaliza wote hurudia kwa sauti ile iliyoitangulia, inayomwomba Mungu awarudishe kwake na kuzifanya siku zao kuwa mpya kama za kale.

Asubuhi wanaume husali bila tefilini na bila shali kubwa ya sala. Kisha tenzi za maombolezo, kinot, ambazo kwa Waashkenazi ni zaidi ya 40 na zinaweza kuendelea hadi karibu na adhuhuri. Kiebrania chake ni kigumu, hasa cha mshairi wa kale Eleazar HaKalir, aliyepakia kila mstari mafumbo ya Biblia. Kosa hapa ni kukimbia ili zote ziishe. Sinagogi nyingi siku hizi huchagua chache, mtu mmoja akaeleza kila utenzi kabla haujasomwa, na naona hilo ni bora kuliko kumumunya mistari usiyoielewa.

Kuhusu mwili: mfungo ni wa saa 25 hivi, wakati wa kiangazi. Kinachowaangusha wengi kabla ya njaa ni kichwa, na kichwa hicho mara nyingi ni cha kahawa. Mnywaji wa vikombe vinne apunguze kimoja kimoja kuanzia wiki moja kabla. Maji yanywewe kwa wingi siku mbili zilizotangulia, kidogokidogo. Kujaza lita nzima dakika za mwisho huishia chooni. Chumvi nyingi kwenye chakula cha alasiri huleta kiu ya usiku. Mgonjwa hafungi, hata kama ugonjwa wake hauhatarishi uhai, na hapa Tisha B'Av ni nyepesi kuliko Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Mzazi hafungi ndani ya siku 30 za kujifungua. Wajawazito na wanaonyonyesha kwa asili ya sheria hufunga, lakini marabi wengi leo huwalegezea wakiona udhaifu au joto kali, na anayehisi kizunguzungu hapaswi kungoja kuanguka ndipo aulize.

Adhuhuri

Saa sita mchana kitu hugeuka. Watu huinuka sakafuni na kuketi vitini, ingawa hawajala. Katika jamii fulani wanawake hufagia na kupanga nyumba. Kwa akili ya kawaida hili halieleweki, maana alasiri ndiyo saa ambayo moto uliwashwa. Lakini Talmudi ya Yerusalemu ina simulizi kwamba siku Hekalu lilipoanguka ndiyo siku Masihi alipozaliwa, na jina lake Menahemu, mfariji. Tena siku nzima haisemwi ile sala ya toba ambayo huachwa katika sikukuu, kwa sababu Maombolezo 1:15 inatumia kwa msiba huu neno la Kiebrania linalotumika pia kwa sikukuu. Mbegu ya jibu la Zekaria imo humo. Maana nabii, alipoulizwa juu ya mwezi wa tano, hakusema ndiyo wala hapana. Katika sura ya 8 alisema mifungo ya mwezi wa nne, wa tano, wa saba na wa kumi itageuka kuwa furaha kwa nyumba ya Yuda, na akawataka wapende kweli na amani. Rabi Papa katika Talmudi alifafanua: kukiwa na amani ni furaha, kukiwa na mateso ni mfungo, kusipokuwa na hili wala lile ni hiari. Isipokuwa tarehe 9 Av, ambayo maafa yake yalirudufiwa. Hiyo si hiari.

Wapo waliosema imetosha. Katika karne ya 19, wanamageuzi wa Ujerumani na Marekani waliiacha siku hii, na Rabi David Einhorn aliigeuza kuwa karibu shangwe: kutawanyika, alifundisha, ndiko kulikowapa Wayahudi kazi yao duniani. Baada ya karne ya 20, sinagogi nyingi za mrengo huohuo zimeirudia. Upande wa pili, baada ya mwaka 1967, dola ya Israeli ilipoushika mji wa kale, liliibuka swali la maneno. Sala ya alasiri ya siku hiyo, iitwayo Nahem, inaitaja Yerusalemu kuwa mji ulio katika msiba, ulioharibika, uliodharauliwa na ulio ukiwa. Je, mtu anaweza kuyasema mbele za Mungu huku akiona majengo mapya dirishani? Rabi Shlomo Goren alitunga toleo jingine. Rabi Haim David Halevi alipendekeza maneno yawekwe katika wakati uliopita. Rabi Ovadia Yosef alikataa kubadili hata neno. Naelewa pande zote, lakini nakubaliana zaidi na wasiobadili. Hekalu halipo, na wanaoketi chini hawalilii uhaba wa nyumba.

Ardhi yetu imo katika habari hii pia. Agosti 1903, katika mkutano wa 6 wa Wazayoni, chama cha waliotafuta nchi kwa ajili ya Wayahudi, mjini Basel, ililetwa ahadi ya Uingereza ya kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, katika uwanda wa Uasin Gishu, eneo ambalo leo ni la Eldoret nchini Kenya. Wayahudi wengi walikuwa wakikimbia mauaji kama yale ya Aprili mwaka uleule katika Kishinev, mji wa milki ya Urusi. Ardhi ilikuwa na rutuba na hali ya hewa ya ubaridi. Kura ya kutuma tume ya uchunguzi ilipita, 295 kwa 178. Wajumbe wa Urusi waliopinga, wakiwemo wa Kishinev kwenyewe, walitoka ukumbini, na baadhi yao wakaketi sakafuni wakalia kama usiku wa Tisha B'Av. Wengi wao walikuwa wameshaacha kushika sheria za dini. Hakuna aliyewaamuru kuketi chini. Mpango huo ulikataliwa rasmi mwaka 1905.

Nyota zikitoka mfungo umekwisha. Ikiwa siku imeangukia Jumapili, kama mwaka 2022 tarehe 9 ilipoangukia Sabato na kusogezwa mbele kwa siku moja, mtu husema kwanza baraka ya kuaga Sabato juu ya kinywaji, ile ya moto ikiwa imeshasemwa Jumamosi usiku. Anza na maji, kisha kitu chepesi. Tumbo tupu halitaki kaanga. Nyama ingoje adhuhuri ya kesho. Halafu wengi hutoka nje kubariki mwezi, ambao usiku huo umekaribia kujaa. Sheria inashauri mtu asiende moja kwa moja kutoka sinagogini. Aonje chakula kwanza, anawe uso, na avae viatu vyake.